Bwana Derek Bryceson na Swali la Uraia

Katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, tangu Busunzu na Kibondo mpaka Kasulu, liko swali ambalo mwananchi huulizwa mara nyingi kuliko mwenziwe wa Lindi au wa Dodoma. Huulizwa njiani; huulizwa anapokwenda kuomba karatasi; huulizwa pengine na kijana ambaye hajafikia nusu ya umri wake. Hutakiwa athibitishe kwamba yeye ni raia. Mpaka wa Burundi u karibu, Kiha na Kirundi ni lugha zinazoelewana, na wakimbizi wamepokewa katika nchi hiyo tangu zamani. Basi mzee ambaye babu yake alizikwa Busunzu hujikuta akitafuta shahidi wa kaburi.

Kwa ajili hiyo tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye hakuzaliwa Busunzu, wala Tanganyika, wala Afrika yenyewe, lakini alikaa katika Baraza letu la Kutunga Sheria na katika Bunge kwa muda uzidio miaka 15, akawa waziri katika serikali ya wakoloni na katika serikali ya wananchi pia, naye akachaguliwa kwa kura za Waafrika huku mpinzani wake akiwa Mwafrika. Mtu huyo ni Bwana Derek Bryceson. Vijana wengi hawalijui jina lake, na wale wanaolijua aghalabu hulijua kwa sababu ya mkewe, Bibi Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe. Si haki kumkumbuka mtu kama huyu kwa ajili ya mkewe tu, ijapokuwa tutafika Gombe kabla hatujamaliza.

Alizaliwa China mwaka 1922, wazazi wake wakiwa Waingereza. Vita Kuu ya Pili ilipozuka alikuwa kijana mdogo, akaingia katika Jeshi la Anga la Uingereza, akawa rubani. Ndege yake ilianguka vitani, na uti wa mgongo wake ukaumia vibaya. Waganga walimwambia kwamba hatatembea tena. Alitembea. Alijifundisha hatua baada ya hatua, kwa taabu ambayo hakupenda kuizungumza, na tangu siku hizo mpaka kufa kwake alikwenda kwa fimbo. Wale waliomwona akipanda jukwaani kuhutubia mikutano waliona kwanza fimbo hiyo, kisha rangi yake, kisha wakasikia Kiswahili chake, ambacho kilikuwa kizuri.

Baada ya vita alisoma kilimo katika chuo kikuu cha Cambridge, kisha mwaka 1947 akaja Kenya kulima. Baada ya miaka michache alihamia Tanganyika, akapata shamba katika nchi ya Kilimanjaro. Mpaka hapo hadithi yake haina tofauti na hadithi za walowezi wengine. Walowezi wengi walikuja baada ya vita, wakapata ardhi nzuri yenye baridi, wakaajiri vibarua, wakatazamia kwamba watoto wao watairithi nchi. Na Serikali ya Gavana Sir Edward Twining iliwatazama kwa jicho la upendo. Mwaka 1957 Bwana Bryceson naye alifanywa waziri msaidizi katika serikali hiyo. Njia ya kupanda cheo upande ule ilikuwa imekwisha funguliwa mbele yake.

Hapo ndipo ilipo njia panda ya maisha yake, nasi twataka kuieleza kwa urefu, maana wengi wa wasomaji wetu walizaliwa baada ya mambo hayo.

Twining alibuni uchaguzi wa kura tatu. Nchi ilikuwa na Waafrika mamilioni, na Wazungu na Waasia wachache sana, lakini kila jimbo la uchaguzi liliwekewa viti vitatu: kimoja cha Mwafrika, kimoja cha Mwasia, na kimoja cha Mzungu. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kupiga kura zote tatu. Aliyempigia Mwafrika peke yake, kura yake ilitupwa. Wala si kila mtu aliruhusiwa kupiga. Ilihitajiwa elimu ya kiasi fulani, au cheo, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Mkulima wa Busunzu au kibarua wa mkonge angezipata wapi pauni 150? Ulikuwa ni mtego, na kila mtu katika TANU aliuona.

Mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora kukata shauri: tuingie katika uchaguzi huu wa matusi, au tuususie? Wengi walikwenda Tabora wakiwa wamekusudia kususia. Mwalimu Nyerere alijenga hoja kwamba kususia ni kuwaachia wapinzani, yaani chama cha UTP kilichopendwa na Gavana, viti vyote bila jasho. Mwisho wajumbe walikubali. Bwana Zuberi Mtemvu hakukubali. Alitoka akaanzisha chama chake cha Congress, akishika neno kwamba Afrika ni ya Waafrika. Hatupendi kumdharau Bwana Mtemvu. Hoja yake ilitoka katika uchungu wa kweli, na watu waliokuwa wamedharauliwa katika nchi yao kwa miaka 70 hawakuhitaji kufundishwa namna ya kuupata uchungu huo.

Lakini ukiisha kubali kuingia, hapana budi uchague Mzungu. Basi ni Mzungu gani? TANU wakati ule haikuwa na mwanachama hata mmoja asiye Mwafrika. Mlango huo haukufunguliwa mpaka 1963. Ilibidi kutafuta watu wa nje ya chama walioweza kusimama hadharani na kusema kwamba nchi hii itatawaliwa na walio wengi. Katika Jimbo la Kaskazini TANU ilimwunga mkono Bwana Bryceson kwa kiti cha Mzungu, pamoja na Bwana Solomon Eliufoo na Bibi Sophia Mustafa. Wote watatu waliingia Barazani. Nchi nzima wagombea waliosaidiwa na TANU walishinda, na UTP ikafa kifo cha haraka.

Msomaji afikiri kidogo juu ya gharama ya uamuzi ule kwa upande wa Bwana Bryceson. Jirani zake walikuwa walowezi. Klabu yao ilikuwa moja, duka lao moja, na barabara yao moja. Mtu wa rangi yao anapokwenda kusimama na TANU, katika macho yao huyo ni msaliti, wala adhabu ya msaliti haihitaji mahakama, yatosha kutosalimiwa. Naye alikuwa amekwisha kuwa na cheo cha serikali, ambacho angeweza kukilinda kwa kunyamaza tu.

Mambo yalikwenda upesi baada ya hapo. Mwezi wa Julai 1959 Gavana mpya, Sir Richard Turnbull, aliwaingiza wajumbe watano waliochaguliwa katika Baraza la Mawaziri: Chifu Abdallah Fundikira, Bwana George Kahama, Bwana Eliufoo, Bwana Amir Jamal, na Bwana Bryceson, aliyepewa Migodi na Biashara. Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na Mwalimu alipounda serikali yake Bwana Bryceson alipewa wizara ya Afya na Kazi.

Kwa watu wa nyanda za Kigoma, neno hilo Kazi halikuwa neno dogo. Katika miaka ile Kibondo na Kasulu zilikuwa ghala la watu wa mkonge. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuwako. Barabara za kutolea mazao zilikuwa chache, na reli iliyofika Kigoma mjini mwaka 1914 ilikuwa mbali na milima. Basi mawakala wa SILABU, chombo cha wenye mashamba ya mkonge, waliwaandika vijana wa Kiha kwa mikataba, wakawapeleka kwa treni mpaka Kilosa na Morogoro, na mpaka mashamba ya Tanga. Walipewa namba, wakaitwa manamba. Wengine walirudi na baiskeli na nguo. Wengine walirudi na kikohozi. Wengine hawakurudi, na watoto wao leo ni watu wa Muheza na Korogwe wasiojua njia ya kwenda kwa babu zao. Mkonge uliokuwa fahari ya biashara ya Tanganyika ulikatwa kwa mikono hiyo.

Je, Waziri wa Kazi aliwafanyia nini manamba? Yatupasa kusema kweli. Muda wake katika wizara hiyo ulikuwa mfupi, tena ulijaa shughuli za kuupokea uhuru. Sheria kubwa za kazi zilipitishwa mwaka 1962, wakati Bwana Michael Kamaliza amekwisha kushika Kazi, nazo ni pamoja na ile iliyowabana wafanyakazi wasigome bila kwanza kupeleka shauri lao kuamuliwa. Hatutamvika Bwana Bryceson sifa ya sheria hizo, wala lawama yake. Uandikaji wa manamba ulikwisha katikati ya miaka ya sitini, bei ya mkonge ilipoanguka na wenye mashamba wakawa hawahitaji tena watu wa mbali. Yaani ulikomeshwa na soko zaidi kuliko serikali. Jambo hilo halitufurahishi, lakini ndivyo lilivyokuwa.

Mwezi wa Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru, Baraza lilijadili sheria ya uraia. Wajumbe kadha, watu wa TANU wenyewe, walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa Waafrika peke yao, au angalau wengine wasubiri. Mwalimu aliwajibu kwa ukali ambao wengi hawakuwa wameuzoea kwake. Aliwaonya kwamba ukianza kupima uraia kwa rangi, hutajua mahali pa kusimama. Baada ya rangi litakuja kabila, na baada ya kabila dini. Alisema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kuikubali kanuni hiyo. Sheria ilipita kama ilivyoletwa.

Wasomaji wetu wa Busunzu wataelewa kwa nini tumelitia jambo hili katikati ya habari za Bwana Bryceson. Watu wengi hudhani kwamba sheria ile iliwekwa kwa faida ya Wazungu na Waasia. La, ilimlinda Muha pia. Ilisema kwamba aliyezaliwa Tanganyika, na mmoja wa wazazi wake akawa amezaliwa Tanganyika, huyo ni raia tangu siku ya uhuru, bila kuomba na bila kubembeleza. Bwana Bryceson, aliyezaliwa China, ndiye aliyetakiwa kuomba. Naye aliuacha uraia wa Uingereza akaomba wa nchi hii, akapewa. Ikiwa mtu aliyetoka mbali hivyo aliaminiwa, mzaliwa wa Kibondo hudaiwa ushahidi gani zaidi? Na nchi hii haikukoma kuwa pana baada ya miaka hiyo. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 wapatao 162,000, jambo ambalo mataifa machache yamewahi kulifanya.

Turudi kwa mtu wetu. Baada ya uhuru aliendelea katika Baraza la Mawaziri, na wizara aliyokaa nayo kwa muda mrefu zaidi ni ile ya Kilimo. Kisha ukaja mwaka 1965, ambao kwetu ndio mwaka wa mtihani wake mkubwa.

Mwaka ule ulifanyika uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja. Katika karibu kila jimbo wagombea wawili wa TANU walisimamishwa, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine ya nyumba, wakazungushwa na chama katika mikutano ileile, na kukatazwa kabisa kuomba kura kwa rangi, kabila au dini. Hapakuwa tena na kiti cha Mzungu. Hapakuwa na masharti ya pauni 150. Mchukuzi wa bandarini na mwuza samaki walikuwa na kura sawa na ya waziri. Bwana Bryceson alisimama Dar es Salaam, upande wa kaskazini wa mji, mahali penye wapiga kura Waafrika, dhidi ya mwananchi Mwafrika.

Alishinda kwa kura nyingi sana. Mwaka huohuo Waziri wa Fedha, Bwana Paul Bomani, mtu wa Usukuma na mjenzi wa vyama vya ushirika vya pamba, alikataliwa na wapiga kura wa kwao. Hatusemi kwamba watu wa Mwanza walikosea au kwamba watu wa Dar es Salaam walikuwa na akili zaidi. Twasema tu kwamba wapiga kura walitazama watu, si ngozi. Katika nchi jirani za kusini, Rhodesia na Afrika ya Kusini, Wazungu walikuwa wakisema wakati uleule kwamba Mwafrika akipewa kura atamfukuza kila mweupe baharini. Na mwezi wa Novemba mwaka huo Ian Smith alijitangazia uhuru wake wa uongo kwa hoja hiyohiyo.

Juu ya kazi yake ya Kilimo maoni yetu si sifa tupu. Alikuwa mkulima kwa elimu na kwa mikono, na hilo lilimsaidia. Lakini wizara hiyo katika miaka yake ilirithi kwa wakoloni desturi ya kuangalia mahali palipokwisha kuendelea: kahawa ya Kilimanjaro, pamba ya Ziwa, ngano na mkonge. Mipango ya vijiji vya makazi, yenye matrekta na fedha nyingi, iliachwa mwaka 1966 baada ya kuonekana kwamba gharama yake haibebeki. Azimio la Arusha la 1967 likageuza macho kumwelekea mkulima mdogo, na waziri huyu alibaki kutekeleza siasa mpya kwa vyombo vya kale. Nyanda za Kibondo, zenye maharage, mihogo na kahawa, zilikuwa mbali na Dar es Salaam kwa njia, na mbali zaidi kwa mawazo ya wakubwa. Hatuoni kwamba chini yake umbali huo ulipungua sana.

Mwaka 1972 Serikali ilipopanguliwa na madaraka kupelekwa mikoani, aliondoka Kilimo akawa Mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa, huku akiendelea kuwa mbunge. Mwaka huo Operesheni Kigoma ilianza, na familia za Waha zikahamishwa kutoka milimani kwenda katika vijiji. Habari hiyo ni ndefu, nayo yahitaji siku yake. Katika miaka yake ya mwanzo Kilimanjaro ilifanywa hifadhi ya taifa, 1973, na Katavi, 1974. Gombe ilikuwa imekwisha kuwa hifadhi tangu 1968, nayo ndogo, ya kilometa za mraba 52 tu, ukanda wa mabonde na msitu ukingoni mwa Ziwa Tanganyika kaskazini ya mji wa Kigoma. Huko ndiko alikofahamiana na Bibi Goodall, aliyekuwa ameanza kazi yake mwezi wa Julai 1960. Mwaka 1974 ndege ndogo iliyowachukua ilianguka Ruaha, nao wakatoka wazima. Mara ya pili mtu huyu alitembea kutoka katika ndege iliyoanguka. Walioana 1975.

Usiku wa tarehe 19 Mei mwaka huo watu wapatao 40 wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, wakaingia Gombe wakateka wanafunzi wanne wa kigeni. Walikuwa wafuasi wa Bwana Laurent Kabila, waliokuwa wakipigana na Mobutu. Walidai fedha na mambo mengine ya siasa. Tanzania haikukubali kufanya biashara na watekaji. Mateka waliachiliwa kwa nyakati mbalimbali, wa mwisho mwezi wa Julai, wote wakiwa hai. Katika majuma hayo Bwana Bryceson alikuwa mahali pagumu kuliko wote: alikuwa mtumishi wa serikali iliyokataa, na mume wa mwenye kituo aliyewajua vijana wale kwa majina. Wako watu wa nje waliomlaumu kwa kusimama upande wa serikali mno. Sisi twadhani kwamba mtu aliyechukua uraia wa nchi hakuuchukua kwa siku nyepesi tu.

Wanafunzi wa kigeni hawakuruhusiwa tena kukaa Gombe. Bibi Goodall mwenyewe alikwenda kwa ruhusa na kwa muda mfupi. Wataalamu wengi Ulaya na Marekani walidhani kwamba utafiti wa miaka 15 umekwisha, maana ni nani atakayewafuata sokwe mlimani tangu alfajiri mpaka giza na kuandika kila wanalofanya?

Waliufanya watu wa Kigoma. Vijana wa vijiji vya ukingoni, waliokuwa wameajiriwa kama wasaidizi, walikuwa wakijua njia za msitu na tabia za kila sokwe kuliko wageni walioitwa mabwana wa elimu. Mmoja wao, Bwana Hilali Matama, ndiye aliyeshuhudia Januari 1974 kundi moja la sokwe likimvamia na kumwua sokwe wa kundi la pili, tukio lililowafanya wataalamu wa dunia wabadili mawazo yao juu ya wanyama hao. Bwana Bryceson alikaa nao, akazungumza nao kwa Kiswahili, akasaidia kuupanga upya utaratibu wao ili wao wenyewe wawe waandishi wa kumbukumbu, si wabeba mizigo ya waandishi. Bibi Goodall alikiri baadaye kwamba bila mumewe huyo asingeweza kuishikilia Gombe. Kumbukumbu za kila siku hazikukatika. Miaka 17 kabla ya hapo watu wasio wa rangi yake walikuwa wamemwamini kwa kiti ambacho wakoloni waliwalazimisha kumpa Mzungu. Sasa yeye aliwaamini watu ambao wataalamu hawakuwa na haja ya kuwauliza majina.

Alishikwa na saratani mwaka 1980. Alipelekwa Ujerumani kutafuta dawa, akafia huko mwezi wa Oktoba, akiwa na umri wa miaka 57. Bibi Goodall aliishi mpaka Oktoba 2025, na katika miaka hiyo yote watu wa mkoa wa Kigoma waliendelea kupanda milima ya Gombe kila alfajiri na daftari zao.